Kutoka nyumba ya ibada hadi makumbusho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kanda ya Ziwa

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kutoka kwa halmashauri za walei, kamati za misikiti, wazee wa kanisa na vijana wa utalii, kuanzia Musoma na Mwanza hadi Ukerewe na Bukoba. Tumeanza na mepesi. Ukikuta jibu limekatizwa, fuata namba iliyotajwa.

## Mambo ya msingi

1. Kanisa letu lina zaidi ya miaka mia. Si tayari linalindwa na sheria?

Kwa kawaida, hapana, na hili huwashangaza wengi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani unaingia humo bila maswali. Sisi wa ziwani tulichelewa: wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika kusini mwa ziwa 1877, Mapadre Weupe mwishoni mwa 1878, Kashozi ikaanzishwa 1892, Nyegina 1911, na Wamenonite wakafika Shirati 1934. Hakuna jengo la misheni hata moja hapo linaloukuta mwaka 1863.

Maana yake ni kwamba jengo lenu litalindwa kisheria pale tu waziri atakapolitangaza. Andikeni barua kwa Idara ya Mambo ya Kale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, mkiambatanisha picha za kila upande, ramani ya kiwanja na maelezo mafupi ya nani alijenga, lini na kwa vifaa gani. Wakati mnasubiri, ulinzi pekee lilio nao ni ninyi wenyewe.

2. Ni lazima ibada ikome ndipo jengo liwe makumbusho?

Hapana. Na kama waumini bado wapo, ushauri wetu ni msilifanye makumbusho. Tafuteni jengo la jirani.

Mfano uko Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Bujora ina kanisa la mviringo lililojengwa kwa sura ya nyumba ya mtemi wa Kisukuma, na humo misa inaendelea. Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoasisiwa miaka ya 1950 na Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, yamo katika majengo mengine ya eneo hilohilo: banda la ngoma za kitemi lenye umbo la kiti cha enzi, jengo la vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu, na kaya ya Kisukuma. Mgeni anaona vyote na hakuna anayemkatiza mwenzake. Bagamoyo nako makumbusho ya misheni yamewekwa katika nyumba ya zamani ya masista. Mkunazini, Unguja, kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa penye soko la watumwa linaendelea na ibada, na maonyesho ya historia ya utumwa yako katika jengo la pembeni.

Kwa hiyo kabla ya kuligusa kanisa, pitieni nyumba ya mapadre, shule ya zamani, ghala, karakana ya useremala. Mara nyingi moja kati ya hayo linaoza bila kazi.

3. Chumba chenye picha za maaskofu ukutani ni makumbusho?

Bado. Kwa ufafanuzi uliopitishwa na Baraza la Kimataifa la Makumbusho mjini Prague mwaka 2022, makumbusho ni taasisi ya kudumu, isiyotafuta faida, inayofanya utafiti, inakusanya, inahifadhi, inafafanua na kuonyesha urithi kwa umma. Daftari la vitu, mtu anayewajibika na saa za kufungua zinazojulikana ndivyo vinavyotofautisha makumbusho na chumba cha kumbukumbu. Chumba cha kumbukumbu si kitu kibaya, na parokia nyingi kinazitosha.

## Mwenye mali ni nani?

4. Kwa Wakatoliki na makanisa mengine, nani anatoa neno la mwisho?

Kwa Wakatoliki ni askofu wa jimbo. Paroko hana mamlaka hayo, na halmashauri ya walei vilevile. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1222, inaruhusu kanisa kupewa matumizi ya kawaida yasiyo ya aibu ikiwa haliwezi tena kutumika kwa ibada wala kutengenezwa. Kukiwa na sababu nyingine nzito, askofu husikiliza kwanza Baraza la Mapadre, na wenye haki halali juu ya kanisa hilo wakubali. Baada ya hapo ndipo Ekaristi, masalia ya watakatifu na altare huondolewa kwa utaratibu wake. Kwa Waanglikana, Walutheri, AIC (Africa Inland Church) na Wamenonite, anzeni kwa askofu wenu na katiba ya kanisa.

Kwa upande wa serikali, hati ya ardhi huwa iko kwa Wadhamini Waliosajiliwa wa kanisa au jumuiya husika. Mkataba wowote wa makumbusho usio na saini yao ni karatasi tu. Tumeona kikundi cha vijana kikikarabati jengo kwa fedha za wafadhili kwa idhini ya mdomo ya kiongozi mmoja. Kiongozi alipohamishwa, kufuli likabadilishwa.

5. Na msikiti wa zamani?

Hapa kuna ugumu zaidi. Msikiti ni wakfu, na kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa kwetu, hubaki msikiti hata ukibomoka. Hauuzwi wala haubadilishwi. Misikiti ya kale ya Kilwa na Kaole hutembelewa kama magofu, lakini hakuna aliyeitangaza kuwa kitu kingine.

Njia inayokubalika ni kuuhifadhi msikiti ukiwa msikiti, na kuweka maonyesho katika madrasa au nyumba ya imamu. Kamati ya msikiti ishirikiane na BAKWATA, au na uongozi wa jumuiya yenyewe kama msikiti ni wa Waismailia, Waithnaasheri au Mabohora. Wageni waingie nje ya nyakati za swala, wavue viatu, na maelezo yatolewe uani.

6. Jumuiya ya Wahindu au Masingasinga imepungua mjini kwetu. Hekalu lililobaki kimya tunaweza kulichukua?

Kimya hakimaanishi halina mwenyewe. Familia nyingi za Kiasia ziliondoka katika miji ya ziwa baada ya majengo ya kupangisha kutaifishwa mwaka 1971, lakini majengo ya ibada mara nyingi yalibaki na wadhamini wake, wengine wakiwa mji mwingine au nje ya nchi. Tafuteni wadhamini hao. Sanamu ya hekalu iliyowekwa kwa ibada haihamishwi kama samani, na Kitabu Kitakatifu cha Masingasinga, Guru Granth Sahib, hubebwa kwa heshima maalumu. Kazi hiyo waachieni wenyewe.

Wakikubali, mfano mzuri ni sinagogi la kwanza la Afrika Kusini, lililojengwa Cape Town mwaka 1863. Leo ni sehemu ya makumbusho ya Wayahudi yaliyofunguliwa mwaka 2000, na jumuiya yenyewe ndiyo inayosimulia.

7. Serikali inadai vibali gani?

Kubadili matumizi ya ardhi kutoka ibada hadi makumbusho huombwa kupitia halmashauri ya jiji, manispaa au wilaya. Kazi ya ujenzi inahitaji kibali cha ujenzi, hata kama ni kuongeza choo. Jengo likiwa limetangazwa (swali la 1), Idara ya Mambo ya Kale lazima iidhinishe kabla fundi hajagusa kitu.

## Jengo lenyewe

8. Fedha ni kidogo. Tuanze na nini?

Paa, kisha maji yanayotoka kwenye paa. Kabati za vioo, rangi na bango la getini vitasubiri. Jengo lenye paa zima na mifereji inayotiririsha hukaa miaka mingi bila kuguswa. Lenye kabati nzuri na bati lililotoboka huharibika pamoja na kabati.

Nendeni mvua ikinyesha, maana jengo kavu haliwaambii kitu. Angalieni maji yanadondokea wapi, yanarukia ukuta wapi, yanatuama wapi. Chora kwenye karatasi. Halafu pandeni juu mkiwa na tochi mkague kenchi pale zinapokalia ukuta. Mbao huoza hapo kwanza kwa sababu hapaonekani. Mvule wa zamani ukiwa mzima usiung'oe kwa sababu tu umekuwa mweusi. Chomeka ncha ya kisu: kikigoma, mbao bado ina kazi.

9. Fundi anasema tutoe lipu yote ya zamani tupige ya saruji iwe imara. Tumkubalie?

Msimkubalie. Ingekuwa tunaruhusiwa kujibu swali moja tu katika ukurasa huu, tungejibu hili, kwa sababu saruji imeua majengo ya kale ya kanda hii kuliko mchwa na mvua.

Kuta nyingi za misheni ni za mawe ya granite au matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo au chokaa. Hazina msingi wa kuzuia unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini, hufika kimo cha goti au kiuno, kisha hutoka nje kupitia lipu ya chokaa na kukauka. Ukuta unapumua. Ukiufunika kwa saruji ni sawa na kumvika mtu koti la mvua juani: maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na chumvi iliyo ndani yake inaganda nyuma ya lipu na kusaga tofali kuwa unga.

Mnaweza kupima wenyewe. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kwenda juu. Ikilia kama debe tupu, imeachana na ukuta. Angalia sakafuni kando ya ukuta: unga mwekundu ni tofali linalokufa, na vumbi jeupe linalometameta ni chumvi.

Dawa yake ni pole. Saruji iliyoachana bandueni taratibu kwa patasi. Iliyoshikana sana iacheni, maana kuing'oa kutaondoka na uso wa tofali. Acheni ukuta ukauke kiangazi kizima. Kisha pigeni chokaa, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga msafi wenye chembe kali, kwa matabaka membamba. Mchanga wa ufukweni wa ziwa hauna chumvi kama wa baharini, ila chembe zake mara nyingi ni laini mno na za duara; wa mtoni hushika vizuri zaidi. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, hivyo ining'inizieni magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa isikaushwe na jua. Jaribuni kwanza sehemu ya mita moja mraba mahali pasipoonekana. Fundi avae glavu na miwani, chokaa inaunguza macho.

10. Popo wamejaa darini. Tuwapulizie dawa?

Hapana. Watakufia humo, na harufu itakimbiza wageni mwaka mzima. Subirini msimu ambao hakuna vichanga wasioweza kuruka, tambueni mianya wanayotokea jioni, kisha wekeni neti inayoning'inia juu ya mwanya: anatoka kwa chini, kurudi hawezi. Baada ya wiki moja au mbili zibeni kabisa.

Kinyesi cha popo kisifagiwe kikavu, kwa sababu vumbi lake linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Kiloweshwe, kizolewe kwa barakoa na glavu. Mkoa wa Kagera umeshapata mlipuko wa homa ya Marburg mara mbili, 2023 na 2025. Popo wanaohusishwa zaidi na kirusi hicho ni wala matunda wa mapangoni, si wale wadogo wala wadudu wa darini, lakini hakuna sababu ya kumpandisha kijana mikono mitupu.

11. Mchwa je?

Ondoeni udongo, kuni na majani yaliyoegemea ukuta, kateni njia zao za udongo na mkague kila mwezi. Makabati yakae mbali kidogo na ukuta, juu ya miguu ya chuma.

12. Radi na moto tunajikingaje?

Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yanayopigwa radi zaidi duniani, na mnara wa kanisa juu ya mlima unaialika. Kanisa kuu la Namirembe, Kampala, lilipigwa radi likaungua 1910. Wekeni kinga ya radi, na mpime waya wa ardhini kila mwaka. Utepe wa shaba huibiwa. Wa aluminiamu au chuma chenye zinki unafaa, na sehemu ya chini ipitishwe ndani ya bomba.

Kuhusu moto, kumbukeni makaburi ya Kasubi, mahali patakatifu pa Waganda palipoingia orodha ya Urithi wa Dunia 2001. Yaliungua usiku wa Machi 16, 2010, na ilichukua hadi 2023 kuondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Badilisheni nyaya za umeme zote kabla ya kuleta kitu cha kwanza cha maonyesho. Swichi kuu iwe mahali mlinzi anapafikia gizani.

13. Bukoba ilitikisika. Makanisa ya mawe yatahimili?

Tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba nyingi mkoani Kagera. Udhaifu wa majengo ya aina hii ni kuta ndefu zisizofungwa pamoja juu, na kuta za pembetatu za mbele zinazosimama peke yake. Kuzifunga kwenye kenchi kwa vyuma ni kazi ya mhandisi, na si ya gharama kubwa sana. Nyufa za zamani wekeeni alama ya penseli na tarehe mwanzo na mwisho. Ufa unaotembea ndio wa kuogopa.

14. Jengo liko karibu kabisa na maji.

Mei 2020 ziwa lilipanda kuliko kiwango cha 1964, rekodi iliyokuwa inakumbukwa na wazee. Chukueni alama ya maji ya 2020, mkiuliza wavuvi ilifika wapi, na msiweke stoo ya vitu chini ya kimo hicho.

## Kuligeuza ndani

15. Tunaweza kuongeza ghorofa, choo, njia ya viti vya magurudumu?

Kanuni ni moja: chochote unachoongeza kiweze kuondolewa bila kuacha jeraha. Ghorofa isimame juu ya nguzo zake, isichomekwe ukutani. Njia ya mteremko iwekwe juu ya ngazi za zamani, ngazi zisivunjwe. Choo kijengwe nje. Bomba linalovuja ndani ya ukuta wa udongo litarudisha tatizo la swali la 9. Viyoyozi tunavishauri mara chache. Madirisha ya juu yaliwekwa ili hewa ipite, yafungueni, mkiyawekea wavu kwa ajili ya vijidudu vya ziwani vinavyofuata taa.

Kwa mfano wa kugeuza kwa heshima, tazameni Cape Town: makumbusho ya District Six yalifunguliwa 1994 katika kanisa la zamani la Methodisti. Sakafuni walitandika ramani ya mtaa uliobomolewa na serikali ya makaburu, na waliofukuzwa wakaandika majina yao palipokuwa nyumba zao. Ukumbi umebaki ukumbi.

16. Mavazi ya misa, kalisi na vitabu tuvionyesheje?

Vilivyobarikiwa muulizeni askofu kwanza (swali la 4). Kitambaa na karatasi hufifia kwa mwanga. Kiwango kinachopendekezwa hakizidi luksi 50, yaani hafifu kuliko taa ya sebuleni. Joho lilazwe, lisining'inizwe kwenye msumari.

17. Vitabu vya ubatizo vya mwanzo vinavutia sana. Tuvifungue kwenye kabati?

Onyesheni jalada. Kurasa zina majina ya wazazi, hali ya ndoa, mara nyingine neno la utumwa, na wajukuu wako hapahapa Sengerema na Magu. Pigeni picha kurasa zote, nakala moja ikae jimboni. Mtafiti aombe ruhusa kwa maandishi.

## Hali ngumu

18. Kuna makaburi ndani na nje. Tuyahamishe?

Acheni yalipo. Sheria ya mwaka 1969 ya kuhamisha makaburi inahusu ardhi inayohitajika kwa shughuli ya umma. Si njia ya mkato ya kupata maegesho. Kuhamisha kwa heshima kunawezekana: Alexander Mackay wa CMS alifia Usambiro, kusini mwa ziwa, 1890, na mabaki yake yakapelekwa Namirembe 1927; naye Kardinali Rugambwa alizikwa Kashozi kwanza, akahamishiwa kanisa kuu la Bukoba 2012. Lakini mara zote mbili kanisa lenyewe ndilo lililoamua, kwa sababu za ibada.

19. Koo zinasema misheni ilichukua ngoma na vitu vya matambiko vya babu zao. Sasa wanavidai.

Wasikilizeni kabla ya ufunguzi. Andikeni kila kitu kimetoka kwa nani na kiliingiaje: zawadi, ununuzi, au kiliachwa wakati wa ubatizo kwa amri ya padri. Visivyopaswa kuonwa na kila mtu visionyeshwe. Kurudisha ni jambo la wadhamini kuamua, na mkopo wa muda kwa ajili ya sherehe ni hatua nzuri ya kwanza. Bujora imeonyesha kuwa kitu cha utemi kinaweza kukaa kwenye uwanja wa kanisa bila kudharauliwa, na Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, hufanyika huko kila Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi.

20. Waumini wakitaka kurudi baadaye?

Hutokea. Hagia Sophia ya Istanbul ilijengwa kuwa kanisa mwaka 537, ikawa msikiti 1453, ikaamuliwa kuwa makumbusho 1934, na 2020 ikarudi kuwa msikiti. Andikeni kwenye mkataba: muda wa miaka, nani analipia nini, siku za ibada kwa mwaka, na vitu vitakwenda wapi. Kanuni ya swali la 15 inawasaidia hapa pia.

21. Kiingilio kitatulipa?

Kwa makumbusho madogo, mara chache. Shule ndizo zitakazowajaza, nazo hazina fedha. Pangeni mapato ya pembeni: ukumbi wa mikutano, chakula, ngoma, kazi za mikono. Na tengeni fungu la paa kila mwaka kabla ya mishahara.

22. Zimebaki kuta tu, paa lilishaanguka. Tujenge upya lilivyokuwa?

Kama hamna michoro au picha za kutosha, msijenge. Hati ya Venice ya 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, inataka ukarabati usimame pale kubahatisha kunapoanza. Gofu linaweza kutembelewa likiwa gofu: funikeni vichwa vya kuta kwa tabaka la chokaa lenye mteremko, ondoeni maji ndani, zungushieni uzio mdogo na kuweka maelezo. Mkuyu uliootea ukutani usiung'oe, mizizi itatoka na mawe. Ukate shina, upake dawa ya kuua mizizi kwenye kidonda kibichi, uuache ukauke humohumo, kisha ndipo mzibe mwanya kwa chokaa.